Nani Atalivuta Trela

Oldenburg, 4 Machi

Mama Foelke,

Soksi za Tjark zimefika. Zinamfikia mapajani, kwa hiyo atazivaa hata mwakani. Asante. Nakuandikia kwa sababu nilipokupigia simu Jumapili nilikuuliza habari za trela, nawe ukanijibu mara tatu kwamba mwaka huu hupandi vitunguu. Barua haihitaji masikio, tutaelewana.

Enno anataka tununue trela la baiskeli la kuwapakia watoto. Huko kwenu kisiwani Langeoog hakuna gari hata moja, na kila mzazi anaburuta trela lake kutoka kivukoni hadi nyumbani, ndiyo maana nakuuliza wewe kabla ya kumuuliza muuzaji, ambaye atanisifia lile lililokaa dukani muda mrefu. Tununue lenye springi au lisilo na springi? Lishikizwe kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma au chini ya kiti? Na Tjark je? Ndiyo kwanza amejua kukaa bila kuinama kama gunia. Anaweza kupakiwa pamoja na dada yake Fenja?

Hayo ndiyo ninayouliza. Ninalowaza ni jingine. Wewe unamjua mwanao: hata mkate wa dukani pale kona alikuwa akiufuata kwa gari, nami nikimtania kwamba siku moja ataendesha kutoka sebuleni hadi chooni. Tangu arudi kutoka kwako Januari, alipokuja kukutengenezea dirisha, hajagusa usukani. Anasema giaboksi ni mbovu. Kazini anapelekwa na Dörte, karani wa ofisini kwao, anayekuja na kupiga honi mbili kama mtu aliyezoea. Na sasa, ghafla, baiskeli ni afya, baiskeli ni hewa safi.

Mimi sisemi kitu. Nauliza tu habari za trela.

Wako,
Gesche


Langeoog, 9 Machi

Mwanangu Gesche,

Chukua lenye springi. Njia zenu za matofali zitamtikisa mtoto hadi ubongo uwe siagi. Lishikizwe kwenye ekseli, chini kabisa. Likishikizwa juu, baiskeli ikianguka nalo linavutwa kuanguka. Mikanda iwe ya kupita mabegani na katikati ya miguu, si ule wa tumboni peke yake. Fenja ni nyoka, atajichomoa. Nyuma ya vichwa pawe na nafasi, la sivyo kofia ngumu zitawasukuma mbele na watasafiri wakitazama vitovu vyao. Na kabla hujalipenda, pima mlango wa ua wenu. Jirani yangu Hauke alinunua kubwa la kifahari, sasa linalala nje na paka wanazalia humo.

Tjark asubiri kidogo hadi shingo ikaze vizuri, kisha mwendeshe polepole.

Mengine usiyawaze sana. Mwanaume akipenda hewa safi, mshukuru Mungu. Chagua lile utakaloliona jepesi wewe, kwa kuwa wewe ndiye utakayelivuta.

Upepo huku ni wa kaskazini na chai ndiyo inayoniweka hai.

Foelke


Oldenburg, 17 Machi

Mama Foelke,

Tulikwenda dukani Jumamosi. Nilikaza mikanda, nikabonyeza springi, nikaingiza kichwa changu humo ndani hadi muuzaji akauliza kama na mimi nataka kupimwa. Fenja alilipenda jekundu kwa sababu lina kibendera. Tumeruhusiwa kuliazima majuma machache kabla ya kuamua. Unaweza kulivuta kwa baiskeli, au ukatia gurudumu dogo mbele ukalisukuma kwa miguu kama kigari cha mtoto.

Lakini ngoja nikueleze. Trela linakuja na kiungio kimoja, kile chuma kinachofungwa kwenye ekseli ya baiskeli. Muuzaji akasema, "Wazazi wengi huchukua viwili. Kimoja baiskeli ya mama, kingine ya baba, hakuna kugombana asubuhi."

Enno akasema, "Kimoja kinatosha."

Nikasema, "Chukua viwili, Enno. Wewe ndiye mwenye miguu mirefu."

"Kimoja. Kiwekwe kwenye ya mke wangu."

Muuzaji akacheka: "Bwana mkubwa umeshajitoa!" Enno hakucheka. Masikio yalimwiva kama kamba aliyechemshwa, akageuka kutazama pampu.

Sasa nijumlishie. Nguo zake za kazi hazinuki lami tena. Fundi wa mapaa gani anarudi nyumbani na goti safi? Hawaogeshi watoto siku hizi, anasubiri mpaka niwepo, anasema mgongo unamuuma. Jana alipokuwa chooni nilishuka nikawasha gari. Liliwaka papo hapo, gia zikaingia kama kisu kwenye siagi, nikazunguka nalo mtaa mzima. Giaboksi haina hata mafua.

Kwa hiyo gari zima limelala uani, mwenye gari anaendeshwa na Dörte, na mimi ndiye punda wa kuvuta watoto ili yeye asubuhi zake ziwe huru.

Na jambo la mwisho. Nimeisoma barua yako tena. Umeandika "wewe ndiye utakayelivuta." Mama, sikukuandikia nani atalivuta. Wakati ule hata mimi sikuwa najua. Wewe ulijuaje?

Gesche


Langeoog, 21 Machi

Enno,

Mkeo ana macho na ana akili, na wewe unamfanyia mchezo wa kujificha nyuma ya pazia huku viatu vinaonekana.

Anadhani una mwanamke. Ndiyo, Dörte, yule mwenye wajukuu. Nilicheka, kisha nikalia.

Mimi ndiye niliyekushika kichwa kisigonge jiko siku ile Januari, ulipoanguka jikoni kwangu na mwili ukakukakamaa na povu likakutoka. Ulipopata fahamu neno lako la kwanza lilikuwa "Gesche asijue." Nikakuapia, kwa sababu ulikuwa umelala sakafuni na wewe ni mwanangu. Nilidhani ni kwa siku mbili tatu, mpaka umwone daktari. Daktari amesema kifafa. Amekukataza gari, amekukataza ngazi na mapaa. Bosi wako anajua. Dörte anajua. Mimi najua. Anayelala kitanda kimoja na wewe ndiye asiyejua.

Na sasa ameninasa mimi, kwa neno moja nililoandika bila kufikiri.

Mwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi.

Mama


Oldenburg, 26 Machi

Mama,

Nakuomba hadi baada ya Pasaka.

Najua unavyoniona. Lakini fikiria nyumbani kutakavyokuwa. Akijua, hataniachia watoto hata kwa muda wa kuchemsha yai. Ameshawahi kuniambia kuhusu shangazi yake aliyekuwa na ugonjwa huu, jinsi walivyomficha visu na kumtuma mtu amfuate kila alikokwenda, mpaka akawa mgeni kwake mwenyewe. Alinisimulia kama hadithi ya kusikitisha. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake na dawa zangu mfukoni.

Kazini nakata mbao karakanani. Nikitazama juu nawaona wenzangu kwenye mapaa niliyoyaanza mimi.

Trela nililiwaza vizuri. Gari siwezi, na baiskeli yenye watoto nyuma sithubutu, ndiyo maana nilikataa kiungio cha pili. Avute yeye, watakuwa salama. Si ujanja wa kumtesa. Ni njia pekee niliyoipata ya kuwalinda bila kusema.

Dawa zinafanya kazi. Karibu zinafanya kazi.

Enno


Langeoog, 30 Machi

Mwanangu Gesche,

Umeniuliza nilijuaje. Mwanamke mzee hukisia, na mara nyingine hukisia kweli.

Nitakuambia mambo mawili na uyashike. Enno hana mwanamke. Hilo nakuapia kwa kaburi la baba yake. La pili, usimlazimishe kulivuta trela. Usiniulize sababu. Muulize yeye, mkiwa mmekaa, watoto wamelala, na umuulize kwa upole, siyo kwa ile sauti yako ya kumhoji mwizi.

Nasubiri barua yako.

Foelke


Oldenburg, 5 Aprili

Mama Foelke,

Unaapa kwa kaburi halafu unaniambia nisiulize. Kumbe mna kamati huko, na mimi ndiye ajenda.

Nilimuuliza kwa upole, kama ulivyotaka. Nilimpikia hata chai kwa namna yenu, na sukari ya mawe na malai juu. Nikasema, "Enno, kuna kitu?" Akasema, "Kitu gani?" Nikasema, "Chochote." Akanitazama kwa muda mrefu hadi nikadhani linakuja, midomo ilishafunguka. Kisha akasema, "Malai yamekwisha, nitanunua kesho."

Basi nami nimejifunza kuficha. Nimenunua kiungio cha pili. Nilikifunga mwenyewe kwenye baiskeli yake alipokuwa kazini, na nikakaza nati hadi mikono ikauma. Nimemwambia kwamba Jumanne nina zamu ya asubuhi hospitalini, hakuna njia, yeye ndiye atakayewapeleka watoto chekechea. Alipauka. Akasema atamwomba Dörte awapeleke kwa gari! Nikasema, "Watoto wangu hawapandi gari la Dörte." Mwisho akasema, "Sawa."

Sina zamu Jumanne. Nitajificha kwenye duka la mikate, na akitoka nitamfuata. Nataka kuona njia anayopita. Nataka kuona mlango gani anaogopa kuupita akiwa na watoto wangu nyuma yake.

Ukitaka kunizuia, niambie ukweli. Lakini naona umechelewa.

Gesche


Langeoog, Jumanne, 8 Aprili

Gesche,

Barua yako imeletwa sasa hivi na leo ni Jumanne. Enno ana kifafa. Asipande baiskeli na watoto. Kifafa, Gesche, tangu Januari, alianguka hapa kwangu.

Nimempigia mara nne, nimekupigia wewe, nimepiga kelele kwenye simu nisiyoisikia, Hauke akanishika mkono akasema inalia tu, hakuna anayepokea. Ameniambia atajaribu tena kutoka kwake. Naandika kwa sababu siwezi kukaa. Kivuko kinachofuata bado hakijafika, nami nitakipanda, na barua hii nitaitia kwenye sanduku la posta bandarini, hata kama itafika baada yangu. Sijui nitakukuta na nini.

Foelke


Oldenburg, 14 Aprili

Mama,

Umeondoka jana na hatukuongea, ingawa ulilala kwetu siku kadhaa, ukaosha vyombo vyetu vyote, hata vilivyo safi. Mbele ya watoto sikuweza, na wewe ungenifanya nipige kelele, na majirani wangesikia yote. Kwa hiyo nakuandikia uliyoyasikia nusu nusu.

Nilisimama dukani kama nilivyokuambia. Alitoka uani bila baiskeli. Alikuwa ametia lile gurudumu dogo mbele, analisukuma trela kwa miguu, Fenja na Tjark wamefungwa vizuri, blanketi magotini. Nikasema moyoni, aha, anakwenda karibu. Nikamfuata kwa mbali nikiburuta baiskeli yangu kama mwizi.

Hakugeuka kwenye mlango wowote, Mama. Alikuwa akiwaimbia. Alishika njia ya kando ya mto, ile ndefu isiyo na magari, na kila baada ya kitambo alisimama, akawachungulia, akaendelea. Nilianza kuona aibu. Nilitaka kurudi nyumbani.

Karibu na daraja alisimama tena, ila safari hii hakuwachungulia. Alishika kipini kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Kisha akaligeuza trela kwa haraka, akalitoa upande wa maji, akalisukuma hadi kwenye ua wa miti, na nikamwona akikanyaga kitu chini. Ilikuwa breki ya magurudumu. Akaikanyaga mara ya pili, kuhakikisha. Halafu akasogea hatua chache mbali nalo, akakaa chini kama mtu anayetafuta sarafu, akalala, na mwili ukamkakamaa.

Sijui nilifikaje pale. Mimi ni muuguzi, nimeona kifafa mara nyingi, mikono yangu ilijua la kufanya. Nilimgeuza ubavu, nikamtia koti chini ya kichwa. Akili yangu haikuwepo. Na huku nyuma yangu sauti ndogo ikasema kutoka ndani ya trela, kwa utulivu kabisa:

"Usiogope, Mama. Baba huwa anafanya hivyo. Ataamka."

Nikauliza, "Umemwona lini, Fenja?"

"Siku ulipokuwa kazini. Nilimfunika blanketi langu. Ni siri yetu."

Mama, kuhusu gari ningesamehe. Kuhusu Dörte ningejicheka mwenyewe. Lakini mtoto wa miaka mitatu alimfunika baba yake blanketi, akakaa pembeni kumsubiri aamke, kisha akaibeba siri hiyo mezani, kitandani, chekechea, huku wewe ukiniandikia habari za springi. Angepanda baiskeli kama nilivyotaka, angekuwa ameanguka nao mtoni. Na kiungio nilikikaza mimi.

Sijui nimkasirikie nani zaidi. Kwa sasa nawakasirikia wote, kwa zamu.

Gesche


Oldenburg, wodini, 15 Aprili

Gesche,

Muuguzi wa hapa amenipa karatasi. Ukija unakaa pale dirishani na tunazungumza habari za dawa, kwa hiyo la kweli naliandika.

Sikumwambia Fenja neno "siri." Nilimwambia "tusimtie Mama wasiwasi." Yeye ndiye aliyelipa jina lake sahihi. Watoto hawana adabu ya kuzunguka maneno.

Nilipokuambia "sawa" siku ile, nilikuwa nimeshaamua kutembea. Nilidhani nikitembea polepole nitafika, na nikifika itakuwa ushahidi kwamba bado mimi ni baba yao. Nilijua ni kosa. Nilikuwa nikiimba ili nisijisikie nikiwaza.

Sikuogopa kuanguka. Niliogopa ungeanza kunitazama kama unavyotazama maziwa jikoni, kuona kama yanafurika. Sasa unanitazama hivyo, na nimestahili. Lakini nimegundua kitu: leo mchana ulinitazama hivyo, na bado ulinimenyea chungwa ukanilisha, ukanitukana kwamba nanuka hospitali. Nilikuwa nimesahau kwamba unaweza kufanya yote mawili kwa pamoja.

Enno


Langeoog, 19 Aprili

Gesche,

Nimesoma. Sina la kujitetea. Nilikuwa na mwana mmoja kichwani, nikasahau kwamba nina binti pia.

Ukitaka nisije tena, sitakuja. Ukitaka nije, nitakuja na kivuko cha kwanza, na vyombo vilivyo safi nitaviacha.

Foelke


Oldenburg, 2 Juni

Mama,

Njoo. Fenja anauliza.

Tumelichukua trela. Si lile jekundu. Tumechukua jepesi zaidi, la kijani, ambalo breki yake inakanyagika hata kwa kiatu chembamba. Mlango wa ua linapita, pamebaki upana wa kidole. Mimi ndiye ninayelivuta siku za kawaida, na usinisikitikie, mapaja yangu yamekuwa ya askari. Tjark analala humo kabla hatujafika kona. Enno ameniambia yeye mwenyewe jina la kila kidonge, na amemwambia mwalimu wa chekechea mbele yangu, kwa neno lenyewe, bila kuzunguka. Mwalimu akasema, "Ahsante kwa kuniambia," kisha akamuuliza kama anaweza kutengeneza kibanda cha sungura. Ndivyo ilivyokuwa. Dunia haikupasuka.

Mimi bado nachunguza. Nahesabu vidonge akiwa bafuni. Akichelewa kidogo akitupa takataka nafungua dirisha. Siku moja nilimpigia Dörte kuuliza kama amefika, na Dörte akanijibu, "Amefika, na wewe ukaoge, dada, unapiga simu kama polisi." Nilimcheka na nikampenda siku hiyo hiyo.

Daktari amebadilisha dawa na hajaanguka tena. Ameruhusu jambo moja: awapeleke watoto kwa miguu, kwa njia ya ndani mbali na mto, akiwa amefunga kamba ya kipini mkononi ili trela lisimponyoke, na jirani yetu Swantje akitembea naye kwa kuwa na yeye anampeleka mtoto wake. Enno hakuniomba. Alisubiri niseme mimi.

Leo asubuhi nikasema.

Alifunga mikanda, akaivuta kujaribu, akaivuta tena. Fenja akamwambia, "Baba, twende, nitazeeka." Walitoka na Swantje, nikayasikia magurudumu kwenye matofali hadi kona. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na koti begani. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja.

Nikakivua.

Gesche